Mkono Hauna Kosa: Jinsi Mtu Mzima Anavyojifunza Kuchora

Mtaala wa umilisi ulipoenea Kenya nzima mwaka 2019, wazazi wengi wa Mombasa walijikuta na kazi ambayo hawakuiomba. Mtoto anarudi kutoka shule na agizo: chora samaki, chora nyumba yenu, chora soko. Akikwama, daftari linaenda kwa mama, mama analisukuma kwa baba, baba ghafla anakumbuka ana mtu wa kumpigia simu. Hapo ndipo zinaposikika zile kauli tunazozijua sote. "Mie hata yai siwezi kulichora." "Mkono wangu mzito." "Hicho kipaji, mwanangu, muulize ami yako."

Wazazi wengi vijana walipita mfumo wa zamani wa elimu, wa 8-4-4, baada ya Sanaa na Ufundi kuondolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Somo lisilotahiniwa halina maisha marefu darasani kwetu. Kipindi cha kuchora kiligeuka kipindi cha marudio ya hesabu. Watu hawakufundishwa, kisha wakajihukumu kwamba hawawezi. Na kwa kuwa siku hizi wako wanaotaka kujifunza ukubwani, wengine kwa ajili ya watoto, wengine kwa kupumzisha kichwa baada ya kazi, maswali yamekuwa mengi na majibu yanayozunguka ni ya kubahatisha.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kuchora ninakokusudia hapa ni kuangalia kitu kilicho mbele yako na kukiweka kwenye karatasi kwa namna ambayo mtu mwingine atakitambua, tena ataweza kusema ulikuwa umekaa upande gani. Kuna uchoraji mwingine mwingi: wa ramani za nyumba, wa katuni, wa maandishi ya matatu, wa hina. Kila mmoja una adabu zake. Huu wa kuangalia ndio unaowatisha watu, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi.

Tuanze na mkono, maana ndio unaolaumiwa. Nenda kwa kina mama wanaochora hina na piko siku za harusi, iwe Mji wa Kale au Majengo. Utamwona mtu akivuta kikonyo, jani na ua kutoka kiganjani hadi kiwiko cha bi harusi, mistari myembamba isiyotetemeka, na akikosea hakuna kufuta. Sasa mwambie akuchoree kikombe cha kahawa kilicho mezani mbele yake. Wengi watacheka na kukataa: "Kuchora siwezi, mie najua maua tu." Mkono wake ni mwepesi kuliko wa mhandisi. Kinachomkwamisha kiko kwingine. Hata wewe unayesoma, kama unaweza kuandika jina lako kwa hati inayosomeka ndani ya kisanduku kidogo cha fomu ya benki, vidole vyako vina ufundi wa kutosha kuchora kikombe.

Hili limepimwa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Dale Cohen na Susan Bennett, walijiuliza kwa nini watu wengi hawawezi kuchora wanachokiona. Walichunguza sababu kadhaa: udhaifu wa mkono, uamuzi mbaya wa mstari upi uchorwe na upi uachwe, kutoona makosa katika mchoro wako mwenyewe, na kukiona vibaya kile kitu chenyewe. Mkono ulikuwa na mchango mdogo. Kosa kubwa lilitokea mapema zaidi, kwenye kukitazama kitu.

Inawezekanaje mtu mwenye macho mazima akione kitu vibaya? Weka sinia mezani, ukae kwenye kiti. Unajua sinia ni duara, umekula humo tangu utotoni. Lakini kutoka hapo ulipokaa, umbo linaloingia machoni ni duara lililobanwa, duaradufu, pengine kimo chake ni robo tu ya upana wake. Mtu mzima anayeanza kuchora karibu kila mara atalichora sinia nene kupita kiasi, likaonekana kama limesimama wima na wali unataka kumwagika. Amechora anachokijua kuhusu sinia. Ubongo umemletea taarifa iliyokwisha kusahihishwa.

Usahihishaji huo una faida kubwa. Mtu anayekuja kutoka mwisho wa barabara ya Digo, kwa kipimo cha macho, ni mdogo kuliko kidole chako, lakini hushtuki kwamba kuna kibeti anayekuwa jitu kadiri anavyokaribia. Ubongo unajua umbali, unaufidia, unakupa mtu wa kimo cha kawaida. Bila huduma hiyo usingevuka barabara salama. Tatizo ni kwamba unapochora unahitaji ile taarifa ghafi, ya kabla ya kusahihishwa, na ubongo haukupi kwa hiari.

Uso nao ni mtihani. Mwambie mtu yeyote achore kichwa, ataweka macho karibu na juu, theluthi ya kwanza. Simama mbele ya kioo upime: macho yako katikati kabisa ya kichwa, nusu iko juu yake, nusu iko chini. Tunakosea kwa sababu tunaishi na pua, midomo na macho ya watu. Paji na utosi havituambii kitu, basi tunavipunja nafasi. Uso unachorwa kwa umuhimu badala ya vipimo.

Georges-Henri Luquet wa Ufaransa alieleza mwaka 1927 kwamba watoto wadogo huchora wanachokijua kabla ya kuchora wanachokiona, ndiyo maana nyumba ya mtoto huonyesha ukuta na watu walio ndani yake kwa pamoja. Mtoto mdogo haoni tabu. Baadaye, kwenye umri wa miaka 9 hadi 12 hivi, kama alivyoeleza mtaalamu wa elimu ya sanaa Viktor Lowenfeld, anaanza kutaka mchoro wake ufanane na kitu chenyewe, anaona haufanani, na wengi huacha hapo. Kwa hiyo ukichora mtu leo na ukaona aibu kwamba kazi yako inafanana na ya mtoto wa darasa la nne, hiyo haisemi lolote kuhusu akili yako. Ndipo ulipoishia.

Namna ya kutoka hapo inafanana na kazi ya fundi wa kanzu. Fundi anajua kanzu ni nini, ameshona mamia, lakini ukiingia dukani kwake havuti mkasi kwa kumbukumbu. Anatoa futi, anapima bega, anapima mkono, anaandika. Mchoraji naye ana futi yake: penseli. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, funga jicho moja, weka ncha ya penseli kwenye ukingo wa juu wa kikombe na kidole gumba kwenye kitako. Sasa, bila kukunja mkono, igeuze penseli ilale upime upana. Upana unaingia mara ngapi kwenye kimo? Hicho ndicho kipimo unachokihamishia kwenye karatasi. Si lazima mchoro uwe sawa na kitu kwa ukubwa; uwiano ndio uwe sawa. Kiwiko kisipokazwa, kipimo kinacheza na hesabu yote inaharibika. Penseli hiyo hiyo ukiishika wima au mlalo inakuambia mstari umeinama kiasi gani. Watu wengi huona hii ni hila ya kitoto, wanataka kuchora kwa hisia. Hisia zitakuja, kwanza ujue kikombe kina upana gani.

Njia ya pili ni kuacha kuchora kitu na kuchora nafasi inayokizunguka. Simama Moi Avenue mbele ya Mapembe, ile mifano mikubwa ya pembe za ndovu iliyopita juu ya barabara. Ukijaribu kuchora pembe, ubongo utakuletea pembe ya ndovu unayoijua, nene hapa, nyembamba pale. Badala yake tazama kile kipande cha mbingu kilichobanwa kati ya pembe mbili. Hakina jina, hakuna mtu aliyewahi kukufundisha kinafananaje, kwa hiyo huna la kukumbuka, unalazimika kukitazama. Chora kipande hicho, kisha kingine, na pembe zitajitokeza zenyewe katikati. Zoezi hili hufanya kazi vizuri hata nyumbani, kwenye miguu ya kiti au mpini wa jagi. Wengine hugeuza picha juu chini kisha huinakili hivyo hivyo; sababu ni ile ile, uso uliopinduka hausomeki kama uso.

Hapa niseme neno kuhusu hadithi ya pande mbili za ubongo, kwamba upande wa kulia ni wa wasanii na wa kushoto ni wa wahasibu. Ilianza na utafiti halali: Roger Sperry alipata tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi yake juu ya watu ambao pande za ubongo wao zilikuwa zimetenganishwa kwa upasuaji. Kutoka hapo watu wakaruka hadi kugawanya wanadamu mafungu mawili, jambo ambalo utafiti ule hausemi. Mazoezi ya kupindua picha na kuchora nafasi tupu yana faida, lakini hayahitaji uamini hadithi hiyo. Mhasibu anaweza kuwa mchoraji mzuri sana, amezoea kupima.

Kinachofuata ndicho kinachowavunja moyo wengi: umbali. Kwa bahati, anayeishi Mombasa ana msaada ambao mtu wa bara hana, nao ni bahari. Nenda ufuo wa Pirates, pale mchanga ulipo tambarare, utazame mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. Mstari huo uko sawasawa na kimo cha macho yako. Ukichuchumaa, unashuka nawe. Ukipanda ukuta, unapanda nawe. Sasa tazama watu waliosimama ufuoni. Wale wenye kimo kama chako, wawe karibu au mbali sana, macho yao yote yanagusa mstari ule ule. Walio mbali wanaonekana wadogo kwa sababu miguu yao inapanda kuelekea mstari huo, macho yao hayashuki. Mtu akilielewa hili mara moja, ameelewa nusu ya somo ambalo vitabu hulifanya kuwa gumu kwa mistari na herufi.

Nusu iliyobaki iko mitaani. Simama Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, utazame nyumba zenye roshani za mbao. Mistari iliyo juu ya macho yako, kama kingo za paa na roshani, inateremka kadiri inavyokwenda mbali. Iliyo chini ya macho, kama misingi na vizingiti, inapanda. Inayokwenda sambamba yote inaelekea nukta moja iliyoko kwenye kimo cha macho. Filippo Brunelleschi aliionyesha hesabu hii mjini Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaziandika kanuni zake mwaka 1435. Lakini usiende Mji wa Kale ukitarajia nukta moja tu. Vichochoro vyake havinyooki, kila nyumba imeelekea upande wake, kwa hiyo kila moja ina nukta yake, ila nukta zote zimekaa kwenye mstari ule ule wa macho. Ndiyo maana mimi humshauri anayeanza asianze na mtaa mzima. Achukue mlango mmoja, asimame mbele yake, autazame ana kwa ana. Nakshi asizijali. Apate kwanza uwiano wa fremu, nguzo ya katikati na kizingiti. Akivikosa hivyo, nakshi mia hazitamwokoa.

Baada ya umbo huja mwanga. Hapa tena ubongo unadanganya: unajua ukuta uliopakwa chokaa ni mweupe, kwa hiyo unauacha mweupe. Ufinye macho mpaka kope zikaribie kukutana, maelezo madogo yapotee. Utaona upande wa ukuta ule ulio kivulini ni mweusi kuliko gunia la khaki lililo juani. Gawa unachokiona mafungu matatu tu, kweupe, kwa wastani na kweusi, na mchoro wako utasimama. Saa nazo ni muhimu. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kwenye Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Vivuli vinajificha chini ya vitu na kila umbo linaonekana bapa. Asubuhi mapema au baada ya alasiri ndipo kuta na milango hupata kina.

Vifaa visikusumbue. Ndani ya penseli mna grafiti iliyochanganywa na udongo, njia aliyoivumbua Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi penseli huwa ngumu na hafifu, ndiyo yenye H. Grafiti ikizidi huwa laini na nyeusi, ndiyo yenye B. HB ya mtoto wako na 2B moja zinatosha kwa miezi mingi. Karatasi za fotokopi zinafaa, ila zihifadhi kwenye mfuko mkavu, unyevu wa pwani hulegeza karatasi. Rabba iwepo lakini isiwe ya kwanza kushikwa: ukifuta kila mstari wenye kosa, hubakiwi na kitu cha kupimia wa pili.

Rudi sasa kwenye kipaji. Sitadai hakipo. Wako watu wanaoona uwiano haraka, kama wako wenye sikio la muziki, na hao watafika mbali kuliko wewe na mimi. Lakini kipaji kinaamua kasi na umbali. Kuchora kikombe kinachoonekana kikombe hakukihitaji. Umri nao ni kisingizio dhaifu. Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, ameshapita miaka 30, kwenye vipande vya hardboard na rangi za baiskeli. Alifariki 1972. Kazi ya miaka minne hivi, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake hadi leo. Tingatinga, ni kweli, hakuchora kwa kuangalia, wanyama wake ni wa mtindo. Basi mchukue Vincent van Gogh, aliyeamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27 baada ya kujaribu kuuza picha na kuhubiri. Alianza kwa kunakili karatasi za mazoezi za Charles Bargue, moja baada ya nyingine. Mwaka 1882 alitengenezewa fremu yenye nyuzi za kumsaidia kupima umbali.

Mfano huo unajibu swali jingine, kama kunakili ni wizi. Kunakili ili ujifunze ni zoezi la zamani. Wizi ni kuuza nakala ukisema ni yako. Kupitisha karatasi juu ya picha na kufuata mistari ni jambo tofauti kidogo: si dhambi, ila linakunyima ile kazi ya kupima ambayo ndiyo somo lenyewe. Picha za simu nazo zina udhaifu huo, kamera imeshakufanyia kazi ya kuvifanya vitu viwe bapa.

Wengine husema, "Nikifumba macho sioni picha yoyote, nitachora nini?" Hali hiyo ipo kweli, na Adam Zeman wa Uingereza na wenzake waliipa jina la afantasia mwaka 2015. Glen Keane, mchoraji mashuhuri wa katuni wa Disney, amesema yeye ni mmoja wao. Anapochora ndipo picha inapojitokeza, kwenye karatasi.

Mombasa huwezi kuzungumzia kuchora bila swali la dini, na ni afadhali kulisema wazi. Hadithi zinazokataza kutengeneza sura za viumbe vyenye roho zinajulikana, na wanazuoni wametofautiana kuhusu mipaka yake, hasa kwa michoro bapa na ya mafunzo. Muulize sheikh unayemwamini. Katika sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwambia mtu aliyejipatia riziki kwa kuchora kuwa kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Kwa mwanafunzi hilo si pengo kubwa. Milango, mibuyu, dele la kahawa, mashua za Bandari ya Kale: yote niliyoeleza hapo juu yanaweza kufundishwa kwa vitu hivyo.

Na simu zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa sentensi? Zinatengeneza picha, sawa. Hazikufundishi kuona sinia.

Ukishazoea ndani, toka nje. Barazani watakuuliza unafanya nini. Sema najifunza kuchora, na mara nyingi utasogezewa kiti pamoja na ushauri ambao hukuuomba. Usimchore mtu aliyekaa bila kumwomba, hasa kina mama. Penye askari, kama kivukoni Likoni au karibu na bandari, watu hawapendi kamera na hata daftari linaweza kuzua maswali, kwa hiyo uliza kwanza. Ukiruhusiwa, foleni ya feri ni darasa zuri, kwa sababu hakuna anayetulia. Usijaribu nyuso. Tafuta mteremko wa mabega, kisha mguu uliobeba uzito, kisha mstari mmoja unaopita kutoka shingo hadi kisigino hicho. Anza na waliobeba mizigo, maana mwili uliobeba gunia huonyesha wazi umeegemea wapi.